Geuza picha uangalie mgongo: jibu kwa mama wa Nakuru

Mama mmoja wa Nakuru anayeuza fanicha za mtumba ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo tu: "Mwalimu, habari ya kazi. Mwaka huu nilinunua vitu vya nyumba moja ya zamani huko upande wa Njoro, wenyewe walikuwa wanahama, nikachukua kabati, meza, vitanda na picha moja kubwa ya rangi ya mafuta. Iko na milima, miti, ng'ombe na watu wanavuka mto. Nyuma kuna karatasi ya Kijerumani, namba ya penseli ya bluu na kipande cha nta nyekundu. Kijana wangu alikuwa amesoma kwa simu habari ya picha ya Munich iliyopatikana Chicago, akaniambia mama hii yako inaweza kuwa ya vita. Sasa kuna mteja wa Nairobi ananipa 80,000 na anaitaka wiki hii. Niuze ama nisiuze? Na ikipatikana iliibwa, mimi niliyelipa pesa yangu halali nitarudishiwa na nani?"

Mama, usiuze kwanza. Na usimpe huyo mteja akae nayo hata siku mbili ati akaonyeshe mtu wake, picha ikitoka kwa mlango wako kabla hujajua ni ya nani, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa. Sisemi ni ya wizi. Kwa vile umeeleza naona kuna njia nyingi halali ambazo picha ya Kijerumani ingefika Njoro, nitakuja kwa hizo, lakini wacha nianze na hiyo habari ya kijana wako kwa sababu ameshika kitu cha maana na watu wengi wameisoma juu juu tu.

Hiyo picha ya Chicago ilichorwa na mtu wa Vienna anaitwa Johann Franz Nepomuk Lauterer, alizaliwa 1700 akafa 1733, kijana tu. Jina la picha kwa Kijerumani maana yake ni mandhari yenye sura ya Italia. Ilikuwa mali ya makumbusho ya serikali ya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, wale wenye Alte Pinakothek, jengo la maonyesho ya picha pale Munich. Vita vya pili vilipochacha na ndege zikaanza kuangusha mabomu mjini, wakahamisha picha wakazificha kwa stoo za dharura nje ya mji, na hii ikahamishwa zaidi ya mara moja. Uamuzi wao ulikuwa wa busara manake jengo lenyewe lilipigwa likabomoka vibaya, halikufunguliwa tena mpaka 1957. Lakini kitu kilichohamishwa sana hupotea rahisi. Vita vikaisha, wakahesabu, hii haipo.

Miaka ikaenda. 2012 ikawekwa kwenye orodha ya Kijerumani ya sanaa iliyopotea, orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa intaneti. 2022 mtu wa upande wa Chicago akawasiliana na kampuni ya London inayotafuta sanaa iliyoibwa, Art Recovery International ya wakili Christopher Marinello, akasema ako na picha ambayo mjomba wake aliyekuwa mwanajeshi alirudi nayo Marekani baada ya vita. Na mwanzoni alitaka alipwe. Marinello akakataa, akasema hawalipii kitu cha wizi. FBI wakasaidia kuhakikisha ni yenyewe, wakazungumza na huyo mtu, na Oktoba 2023 picha ikakabidhiwa kwa ubalozi mdogo wa Ujerumani pale Chicago. Sasa sikia kitu ambacho kilinigusa mimi: hiyo picha ilikuwa na mwenzake. Zilichorwa mbili, ukiziweka bega kwa bega zinaungana mandhari moja pana. Karibu miaka 80 mmoja amebaki Munich peke yake na mwingine ako kwa nyumba ya mtu ng'ambo ya bahari, na anayemtazama yule wa Munich anaona nusu ya kile mchoraji alitaka kusema.

Najua swali linalofuata kwa sababu nimeulizwa mara nyingi hapa Kisumu nikiongea na vijana wa shule: kwani Wajerumani si ndio walioiba sanaa za watu Ulaya nzima, sasa mwanajeshi wa Marekani akichukua kapicha kamoja tuwahurumie kwa nini? Ni kweli waliiba, na waliiba kwa mpango, walikuwa na ofisi ya kazi hiyo, wakichukua kwa Wayahudi kwanza na hao wenyewe wengi wakauawa. Kwa hayo mali kuna makubaliano ya Washington ya 1998 ambayo nchi 44 zilikubali, yanasema tafuteni warithi muwape haki. Lakini picha ya Lauterer haikunyang'anywa mtu, ilikuwa ya makumbusho, yaani ya mtu yeyote anayelipa kiingilio akaingia na watoto wake. Na sheria ya vita ilikuwa imeshasema mapema, Mkataba wa Hague wa 1907 kifungu cha 56: mali ya taasisi za dini, elimu na sanaa, hata kama ni ya serikali, ihesabiwe kama mali ya mtu binafsi, na ni marufuku kuichukua. Hakuna mahali imeandikwa isipokuwa ya walioshindwa. Mshindi akiruhusiwa kubeba, basi hakuna kilicho salama popote, kwa sababu kila vita kina mshindi.

Na sisi watu wa huku tunajua hilo vizuri kuliko wengi. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Nandi, aliitwa kwa mazungumzo ya amani huko Nandi, mwanajeshi wa Uingereza Richard Meinertzhagen akampiga risasi, na fimbo za uongozi za Koitalel zikaenda Uingereza na huyo mwanajeshi. Zilikaa huko miaka 100. Ziliporudi 2006 zilitoka kwa familia ya Meinertzhagen, mtoto wake ndiye aliyezitoa, na leo ukienda Nandi Hills kuna makumbusho ya Koitalel. Fimbo tatu, mtu ambaye hajui anaweza kuona ni miti tu. Nimeona wazee wakisimama mbele ya vitu vya aina hii bila kusema neno kwa muda mrefu. Kwa hivyo mimi siwezi kudai za Nandi zirudi halafu nikuambie ya Munich uza ukule. Kichwa cha Koitalel watu wa Nandi bado wanakitafuta mpaka leo.

Sasa pesa yako, kwa sababu hapo ndio roho yako iko na ni haki yako kuuliza. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura 31, inafuata msingi wa kawaida kwamba mtu hawezi kukuuzia haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mwizi hana haki, aliyenunua kwa mwizi hana, na wa tatu vilevile hana, hata kama alilipa na risiti anayo. Nchi zingine ziko tofauti, Italia kwa mfano inamlinda sana mnunuzi ambaye hakujua, lakini wewe uko Kenya. Kuna kesi moja nawaambiaga watu. 1946 mtu wa Brooklyn, New York, anaitwa Edward Elicofon, alinunua picha mbili ndogo za watu kutoka kwa kijana aliyekuwa jeshini, akalipa dola 450. Akazitundika kwa nyumba yake akakaa nazo miaka 20 bila kujua ni za nani. 1966 rafiki yake akazitambua kwa kitabu cha sanaa zilizopotea kwa vita: ni za Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri wa Kijerumani, za 1499, mali ya makumbusho ya mji wa Weimar huko Ujerumani, zilipotea kwa kasri la Schwarzburg 1945 wakati askari wa Marekani walikuwa wamekaa hapo. Elicofon hakuwa mwizi, hakuna aliyesema ni mwizi. Lakini kesi ilienda mpaka 1982 na akashindwa, picha zikarudi Ujerumani. Fikiria, miaka 16 ya mawakili.

Kuna waliolipwa pia, sitakuficha. Luteni mmoja wa Marekani, Joe Tom Meador, alichukua hazina za kanisa la Quedlinburg, mji wa Ujerumani, 1945, vitabu vya Injili vya zamani sana na vyombo vya thamani, akavituma nyumbani Texas kwa posta ya jeshi kama mtu anatuma nguo. Alipokufa 1980 ndugu zake wakaanza kuuza, na mwishowe Wajerumani wakalipa karibu dola milioni 2.75 ili virudi. Watu wakisoma hiyo wanaona dili. Mimi naona mfano mbaya, kwa sababu ilifundisha kila mtu mwenye kitu cha wizi angoje bei ipande, na hao warithi wenyewe baadaye waliingia kwa kesi ya jinai na ya kodi, hawakulala vizuri na hiyo pesa. Kwa hivyo wewe usianze barua yoyote na neno la malipo. Ukitaja pesa kwanza wanakuona kama mtu ameshika mateka. Ukitoa habari kwanza, makumbusho mengi yenyewe hulipia usafiri na gharama, mengine hutoa shukrani, hilo linatoka kwao. Pesa yako halisi unaidai kwa aliyekuuzia, ndio maana nataka utafute leo hiyo risiti ama meseji ya M-Pesa ya siku ulinunua, ukaiweke mahali. Na kumbuka ulinunua vitu vya nyumba kwa mkupuo, picha ilikuwa sehemu ndogo ya hiyo pesa, kabati na vitanda bado ni vyako.

Lakini tusizike mtu hajafa. Twende nyuma ya picha, hapo ndio kazi yangu iko na hapo ndio napenda zaidi, mbele picha inaonyesha kile mchoraji aliona lakini nyuma inaonyesha mahali yenyewe imepita.

Kwanza hakikisha ni picha ya rangi kweli. Nyumba nyingi za masetla zilikuwa na picha za kuchapishwa zilizopakwa vanishi zikafanana na rangi ya mafuta. Chukua asubuhi jua likiwa chini, isimamishe karibu na dirisha mwanga uipige kutoka ubavuni. Ya mkono utaona rangi imeinuka mahali pengine, hasa kwa mawingu na kwa majani yenye mwanga, na nyufa ndogo ndogo kama udongo wa Nyando wakati wa kiangazi. Ya kuchapishwa, ukiweka lensi unaona nukta zimepangwa, ama huo mwinuko unafanana kila mahali kama kitambaa cha kufinyangwa. Halafu angalia ukingo, turubai imeshikwa kwa mbao na nini. Misumari midogo yenye kichwa, imeshika kutu na kutu imeingia kwa kitambaa, hiyo ni dalili ya uzee. Ukipata pini za mashine kama za kushona vitabu, basi au picha ni ya juzi au iliwahi kufunguliwa ikawambwa upya.

Halafu hiyo karatasi. Soma herufi moja moja uniandikie, usijaribu kuibandua hata kama imejikunja. Kama kuna neno Kunsthandlung hilo ni duka la kuuza sanaa, na Rahmen ni fremu, hizo lebo zilibandikwa kwa maelfu ya picha za kawaida na hazisemi makumbusho hata kidogo. Neno la kukushtua ni Eigentum, maana yake mali ya, na litafuatwa na jina. Staatsgemäldesammlungen ni mkusanyiko wa picha wa serikali. Leihgabe ni kitu cha kuazimwa, na kitu kilichoazimwa lazima kina mwenyewe. Ukiona Inv. Nr. na tarakimu, hiyo ni namba ya daftari la makumbusho, na hiyo ndio dhahabu, kwa sababu daftari lenyewe mara nyingi bado lipo na mtu anaweza kufungua ukurasa akakuambia ndio ama hapana kwa siku moja. Penseli ya bluu peke yake haitoshi, wafanyabiashara, mafundi wa fremu na wale waliokusanya sanaa baada ya vita wote waliitumia. Namba nyeusi zilizopigwa kwa kiolezo mara nyingi ni za mnada wa London, Christie's walikuwa na hiyo desturi. Nta nyekundu inaweza kuwa muhuri wa familia, wa forodha, wa mkusanyaji. Ipige picha kwa mwanga wa ubavuni tena, utaona kama kuna taji ama mnyama ama herufi, kila mchoro kwa muhuri una mwenyewe.

Nasisitiza usibandue kwa sababu nimeona ikifanyika. Miaka ya nyuma familia moja hapa Kisumu ilipeleka picha ya rangi za maji kwa fundi wa fremu, picha ya ziwa na mitumbwi ya tanga, nzuri sana. Fundi akataka kuwafurahisha, akatoa karatasi zote za nyuma zilizokuwa zimegeuka kahawia, akaweka kadibodi mpya nyeupe. Waliponiletea nikauliza zile karatasi ziko wapi, wakasema zilitupwa na takataka. Mtoto wao wa mwisho alikumbuka kulikuwa na maandishi na stempu ya meli. Hiyo tu. Picha ilikuwa na historia ya pengine miaka 70 na ikabaki na sentensi moja ya mtoto. Nilisikia uchungu na mpaka leo nikiona kadibodi nyeupe mpya nyuma ya picha ya zamani moyo unashtuka.

Na vumbi pia usiguse. Najua Nakuru vumbi ni yenu ya kila siku na mkono unataka kupitisha kitambaa cha maji, lakini maji yakiingia kwa zile nyufa rangi inainuka kama maganda.

Sasa njia za halali nilizokuahidi. Kabla ya vita, miaka ya 1938 na 1939, Wayahudi kadhaa waliokimbia Ujerumani walifika Kenya na wengi wakapata kazi kwa mashamba ya wazungu huko juu, na kuna waliokuja na kitu cha nyumbani kwenye sanduku. Ikiwa picha yako ni ya familia kama hiyo, basi si ya wizi, bali ni kile kidogo waliweza kuokoa, na ni vizuri pia kujua. Baada ya 1945 Uingereza ikaleta wanajeshi wastaafu kuwapa mashamba, na baadhi yao walikuwa wametoka Ujerumani. Hapo sasa ndio pa kuuliza vizuri. Yule aliyenunua duka la Munich 1930 akiwa mtalii, na yule aliyetoa kwa ukuta 1945, wote wawili picha zao zinafika Njoro na lebo ileile. Kwa hivyo wapigie waliokuuzia, kwa upole, usiwatishe, waulize tu: hii ilikuwa ya nani, alikuja mwaka gani, alikuwa wapi wakati wa vita, kuna barua ama picha za zamani za hiyo sebule? Picha ya familia ya 1950 inayoonyesha hiyo mandhari juu ya jiko la moto ni ushahidi mzuri sana.

Kutafuta kwenyewe kijana wako anaweza kufanya kwa simu. Ile orodha ya Wajerumani ya sanaa iliyopotea inaitwa Lost Art, inasimamiwa na taasisi yao iliyoko Magdeburg, ni ya bure na iko pia kwa Kiingereza. Interpol wana programu ya simu inaitwa ID-Art, bure pia, ilitoka 2021, unapiga picha ama unaandika maelezo inakulinganishia na vitu vilivyoripotiwa. Atafute kwa vipimo na kwa vitu vilivyochorwa, asitafute kwa jina la mchoraji peke yake, kwa sababu sahihi nyingi husomwa vibaya na mandhari yenye ng'ombe na mto zilichorwa maelfu. Vipimo uchukue bila fremu, urefu wa kwenda juu kwanza kisha upana, kwa sentimita. Usipokipata kwa orodha usifurahi haraka, si kila kilichoibwa kimeandikishwa. Hata sasa hivi makumbusho ya sanaa ya Kherson kule Ukraine, ambako Warusi walipakia zaidi ya kazi 10,000 kwa malori mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 2022, wafanyakazi bado wanakaa wanalinganisha kipande cha video kinachoonyesha vitu vilivyochukuliwa na picha za kumbukumbu zao, moja baada ya nyingine, ili waweze kusema hii ni yetu. Mandhari za bahari na za mashamba za watu wa Kherson zimo humo. Kuna mtu hivyo hivyo anaweza kuwa anatafuta yako kwa daftari.

Ikipatikana imefanana na kitu kwa orodha, ama lebo ikataja makumbusho, andikia ubalozi wa Ujerumani Nairobi na nakala kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mistari mitano inatosha: umeipata wapi, lini, vipimo, picha za mbele, nyuma, na kila lebo kwa karibu. Kuanzia hapo usiiuze na usiihamishe, manake ukiuza ukiwa umeshajua, hapo sasa unaingia kwa kosa la kushika mali ya wizi na hakuna anayeweza kukutetea. Isipofanana na kitu, lebo ikiwa ya duka tu na familia ya Njoro ikakupa hadithi inayoshikana, uza kwa roho safi, na uza na hiyo hadithi imeandikwa kwa karatasi. Nakuambia bei haitakuwa 80,000, mteja anayeharakisha wiki hii anajua kwa nini anaharakisha, picha yenye historia kamili inauzwa zaidi.

Leo jioni fanya hivi. Itoe hapo sakafuni dukani. Ifunike na shuka la pamba lililofuliwa, si nailoni kwa sababu unyevu utakwama ndani, uiegemeze ukuta wa ndani ambao hauguswi na jua wala mvua, uso wake ukiangalia ukuta, na chini uweke vipande viwili vya mbao isiguse simiti. Mwambie mteja wa Nairobi unangoja karatasi za hiyo picha. Halafu nitumie ile lebo herufi kwa herufi, hata zile ambazo hazisomeki weka tu nukta, na hasa niangalizie kama kabla ya tarakimu za bluu kuna herufi yoyote.